Kofia ya Njano Makaburini

Jumatatu, 27 Oktoba
Nimeuza bitenge viwili tu, mvua tangu asubuhi. Jioni nimenoa jembe. Jumapili ni siku ya marehemu, na kila mwaka mi ndiye ninayepalilia kaburi la mume wangu, Tata Ilunga. Mama Kapinga, jirani, kaja mbio: sosiete, ile kampuni ya shaba, imezungusha ukuta, makaburi yote yamebaki ndani.
Uongo, nikamwambia.

Jumanne, 28
Si uongo. Nimepanda pikipiki ya taksi-moto mpaka getini. Polisi wa serikali, nembo ya taifa begani, buti za sosiete miguuni. Anataka badji. Mjane aonyeshe kadi ili amwone mume wake! Nimemtukana. Sijuti.

Jumatano, 29
Ofisi ya komini, manispaa yetu ya Manika. Karani: nenda sosiete. Sosiete: nenda serikalini, ndiyo iliyotupa kibali. Nimerudi komini. Wamefunga, jenereta imekauka. Mafuta huletwa na nani? Na sosiete. Haya, nimeelewa, mpaka kichwa kinaniuma.
Enzi za Ilunga mgodi ulikuwa wa serikali. Mkubwa alikuwa mmoja, hatukumchagua, na tulinung'unika vilevile. Leo tunachagua. Tunapanga foleni juani, tunachovya kidole kwenye wino, halafu tuliyemchagua anakwenda kumwuliza mwenye pesa afanye nini. Sasa kura yangu ilikuwa ya kazi gani? Pumbavu wote hao.

Ijumaa, 31
Meya wa komini ametuita uwanjani. "Bamama, tumepata suluhisho." Kifuani mkanda wa bendera, juu yake kavaa gileti ya sosiete, kizibao kile kinachong'aa. Bendera haionekani hata kidogo. Na watu wakapiga makofi! Nikapaza sauti: wewe ni meya wetu ao msemaji wao? Akacheka, akasema mama huyu amechoka. Kumbe kwao hasira ni uchovu.
Masharti yao: Jumapili, basi lao, kofia ya plastiki kichwani, nusu saa. Mama Kapinga kawa wa kwanza kujiandikisha. Sijamsalimia.

Jumamosi, 1 Novemba
Siendi ng'o. Ilunga atanielewa.
Majani yataufika msalaba shingoni.
Nimejiandikisha. Ninajichukia.

Jumapili, 2
Nimekwenda. Badji imeandikwa "mgeni". Nimepalilia kaburi na kofia ya njano kichwani, polisi akitazama saa yake. Msalaba bado umesimama. Nimempa Ilunga habari za nyumbani harakaharaka, nikaona aibu kumharakisha. Mwishoni nikafunga udongo kidogo kwenye leso. Dada yake aliniomba, yuko mgonjwa kule Kasaji, hakuwahi hata matanga.
Getini wametupekua. Udongo hautoki, wanasema, una madini, ni mali ya sosiete. Wameikung'uta leso mbele yangu. Wamenilazimisha nisugue viatu kwenye beseni.
Tumerudi na Mama Kapinga. Alinishika mkono mpaka mlangoni.
Kucha zangu zina udongo wa kaburi bado. Binti yangu ametenga chakula, bukari na sombe, ameniletea maji ya kunawa. Nimemwambia ayaweke chini kwanza.