Kamba Fupi, Mita Mbili

30 Machi

Pacha wangu,

Hujambo? Na huyo mwoka mikate wako hajambo? Mimi mzima, ila vidole vimejaa matundu ya sindano. Tangu ugonjwa huu utangazwe sijashona gauni hata moja. Kutwa barakoa, barakoa, barakoa. Zenu nimezitia humu pamoja na barua: za bluu ni za wafanyakazi wa shemeji, ile ya maua ni yako. Asije mtu akajimilikisha.

Uliniambia hutaki tuongee kwa simu, nami nimekuelewa. Mtu anayepokea malalamiko ya wateja wa maji kutwa nzima, sikio limewaka moto, jioni neno "haloo" ni tusi. Umesema unataka kitu cha kusomewa ukiwa umeinua miguu, tena ukipenda kirudiwe. Basi barua ndiyo hii. Na kwa vile huoni, na msomaji ni mumeo, naomba nimsalimu kabisa: shemeji, habari za tanuri? Soma polepole, usiruke mistari, na usiniigize sauti.

Sasa habari yenyewe. Mbio zetu za kilomita kumi zimeahirishwa, mpaka lini hawakusema. Kikundi cha Jumamosi nacho basi. Wamesema mtu akimbie peke yake au na wa nyumba yake, na asiye wa nyumba yako mkae mbali mita mbili. Mita mbili, Pacha! Kamba yetu ya kushikana mikono tukikimbia ina shubiri mbili. Nimekaa nayo mapajani nikiipima, kana kwamba itarefuka. Miaka yote hii wewe kushoto, mimi kulia, kiwiko kwa kiwiko, mpaka wenzetu wakatuita mapacha. Leo tukae kama watu waliogombana? Nimeumia, sikufichi.

Kikapu cha mikate kikija huku, uweke majibu juu ya mikate, si chini.

Pacha wako wa kulia


4 Aprili

Pacha wangu wa kulia,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo. Barakoa zimefika na zimewakaa vizuri. (Ile ya maua nimeijaribu. Imenipendeza sana. Mimi mwandishi.)

Usimsikilize. Mimi nasema, yeye anaandika. Nimemkataza kuongeza ya kwake, lakini naisikia kalamu ikiendelea wakati mimi nimeshanyamaza.

Unataka kujua nakimbilia wapi. Kwenye zulia, kati ya kabati na mlango wa jikoni. Nakimbia palepale kama cherehani yako, inalia kutwa na haijatoka mlangoni. Mama wa chini amepanda kuuliza tunatwanga nini. Nikamwambia natwanga hasira. Juzi nilijisahau nikasogea, nikaligonga kabati kwa paji la uso. (Kabati halijambo.)

Pacha, nisikilize vizuri. Watu wanalalamika kwamba wamebanwa ndani. Mimi nimebanwa tangu utotoni: mlango, ukuta, pembe ya meza, kila hatua niiulize kwanza kwa mkono. Ni kwenye mbio tu ndipo siulizi. Nikiacha sasa, najijua, sitaanza tena. Kwa hiyo nishonee kamba ndefu, ya hizo mita mbili zao. Wewe fundi mzima, kamba ikushinde?

Pacha wako wa kushoto


9 Aprili

Pacha,

U hali gani? Na hilo paji la uso? Huku kwema, tunasukuma siku.

Kamba ndefu nimeishona. Dada yangu nikampa ncha moja, mimi nikajifunga kitambaa machoni, tukazunguka uani. Salale! Kamba fupi huongea, mkono wangu ukigeuka wewe unajua. Hii ndefu imelegea tu, haina habari. Dada anasema "kulia", mimi nimeshaingia kwenye beseni la nguo mpaka magotini. Hiyo itakuvunja mguu, Pacha, na mimi sitaki kuwa ndiye niliyeishona. Nimeikatakata ikawa vifungo vya aproni.

Basi nalisema neno ambalo sikutaka kulisema. Wa nyumba yako yuko mmoja. Ndiyo, shemeji, ni wewe, usigeuze ukurasa. Najua mara ya mwisho kukimbia ulikuwa unafukuzwa na mbwa. Hakuna aliyezaliwa anajua. Kamba fupi imo humu. Kaa kuliani kwake. Taja kitu kabla hamjakifikia, si baada. Neno moja linatosha: shimo, ngazi, kushoto. Usimvute, yeye si mkokoteni.

Hiyo kamba nimeitia kwenye mfuko, nikaitoa, nikaitia tena. Nina wivu. Bora niseme kuliko kukaa nao.

Pacha wako wa kulia


14 Aprili

Pacha,

Salamu tele. Nimetoka nje! Nimenusa asubuhi, nimesikia ndege, nimekanyaga lami. Mungu akupe maisha marefu.

Lakini huyu mwanamume, sijui nimpeleke wapi. Mtaa mzima ni wateja wake, na hawezi kumpita mteja bila salamu. "Habari za asubuhi, mkate wa jana ulikuwaje?" Naye anasimama. Mimi naendelea, kamba inanirudisha kama mbuzi. (Hiyo ni adabu. Biashara ni watu.) Mashimo anayataja tukishaingia: "Pole, hilo lilikuwa shimo." Na kingine chochote anakitaja! Paka. Ndoo. Jani. Paka yuleyule. Mama yule aliyevaa kanga chafu. Nikamwambia, baba, paka ana macho, atatupisha mwenyewe.

(Shemeji, mbavu zinaniuma mpaka nashindwa kuinua trei. Lakini nitajifunza.)

Pacha wako wa kushoto


18 Aprili

Pacha na shemeji,

Hamjambo? Nimeisoma barua yenu mara tatu na dada ameisoma mara mbili, na hapo kwenye paka yuleyule tumelia machozi. Shemeji, salamu zipungie mkono, miguu iendelee. Wateja hawatahama kwa hilo. Na macho yako yabaki chini na mbele, mengine tutayasikia kwenye redio.

Mimi sijakimbia. Nasema kesho, kesho. Peke yangu barabarani sijui mkono wa kushoto niuweke wapi.

Andikeni upesi.

Pacha wako wa kulia


2 Mei

Pacha,

Natumaini mu wazima. Mikate imekuja, barua haikuja. Mara ya kwanza nikasema mmechoka. Mara ya pili nimeugeuza mkate juu chini, labda karatasi imeshikamana nao. Hamna kitu, mkate mtupu.

Nyakati hizi mtu akikaa kimya mwenzake anafikiria mabaya. Nilimuuliza yule anayeleta mikate, akasema hamna mgonjwa kwenu, anawaona mkitoka asubuhi. Basi nikaanza kufikiria mabaya ya aina nyingine. Kama umemzoea wa kulia mpya, niambie tu. Nitanuna, nitapona.

Pacha wako, kama bado


5 Mei

Pacha,

Barua hii naipiga mwenyewe kwa taipureta yangu ya chuoni. Mwoka mikate amelala, unajua mchana ndio usiku wake. Herufi zikikosana utanisamehe. Wazima tu, usiwe na hofu. Na acha ujinga wa kununa.

Sikuandika kwa sababu ninalotaka kusema siwezi kulisema huku yeye ameshika kalamu.

Amejifunza, Pacha. Mashimo sasa anayataja kwa wakati, na salamu anazipunga. Lakini nikianza kuhema, anapunguza mwendo. Nikihema zaidi, anasimama: "Mke wangu, unateseka, pumzika." Ananishika kama trei ya mayai. Nimetoka naye wiki tatu sijatoa jasho hata siku moja. Wewe hujawahi kunionea huruma. Ulikuwa unaniambia "twende" hata nikikaribia kutapika. Nataka kuchoka, Pacha! Nataka mapafu yaungue, niwe mkimbiaji, nisiwe kipofu anayetembezwa na mumewe mwema.

Nitamwambiaje? Anatoka tanurini hajalala, anavaa viatu kwa ajili yangu. Nikimwambia nitamvunja moyo. Nimepanga kusema goti linauma, tuache yaishe.

Na wewe utanijibuje, wakati msomaji ni yuleyule? Tafuta njia. Nimeshindwa.

Pacha wako wa kushoto


8 Mei

Shemeji yangu mpendwa,

Hujambo? Leo barua ni yako, Pacha asikilize tu. Isome kwa sauti kama kawaida.

Nasikia umeiva, mashimo unayajua mpaka kwa majina. Sasa lipo somo ambalo sikukupa. Mkimbiaji akihema, mshika kamba hapunguzi. Kuhema si kuteseka, ndiko kukimbia kwenyewe. Wewe mkate ukianza kuumuka unautoa tanurini kwa kuuonea huruma? Pacha wangu huyo ana mapafu ya punda. Nilipokuwa naye, tukifika penye njia iliyonyooka, isiyo na kitu, nilikuwa namwambia "njia nyeupe", halafu nanyamaza. Hapo anafyatuka, na mimi ndiye niliyekuwa nikimfuata. Hayo ndiyo mashindano yetu, anayenivuta ni yeye.

Ijaribu barabara ya kiwandani. Kiwanda kimefungwa, magari yamezuiwa pande zote mbili, haupiti hata mkokoteni.

Na goti lake lichungeni. Goti huuma zaidi kwa kukaa.

Pacha wa mke wako


13 Mei

Kwa shemeji yangu fundi,

Salamu. Leo mimi ndiye nasema na mimi ndiye naandika, hakuna wa kunikataza.

Shemeji, umejibu swali ambalo mimi sikuliandika. Nilifika hapo kwenye goti nikasimama. Goti gani? Halafu nikakumbuka ile siku niliota mvua inapiga bati mchana kweupe. Kumbe ilikuwa taipureta. Nikamaliza kusoma, nikakunja barua, nikaenda kukanda unga ambao haukuwa na haja ya kukandwa. Niliumia, nakwambia ukweli. Nilidhani ninafanya vizuri.

Jana asubuhi nikampeleka barabara ya kiwandani bila kumwambia tunakwenda wapi. Tulipofika nikasema, "Njia nyeupe." Akacheka. Shemeji, hukunionya! Yule mwanamke aliondoka kama aliyeitwa. Mita mia moja mimi nimekwisha, kitambi kinakwenda kwake na mimi kwangu. Akasikia kamba inavuta nyuma, akaanza kupunguza kwa ajili yangu. Hapo ndipo nilipoona aibu. Nikaangalia mbele: barabara pana, nyeupe, hakuna gari, hakuna mtu, hakuna hata jiwe. Nikamuuliza, "Nikiachia?" Akasema, "Achia."

Nikaachia.

Nikasimama katikati ya lami nikawa napiga kelele: nyoosha, kulia kidogo, nyoosha, hapohapo! Mikono alikuwa ameinyoosha mbele mwanzoni, halafu akaishusha, akaanza kuitupa kama mkimbiaji. Alikimbia mpaka akawa mdogo. Askari wa kizuizini alisimama na filimbi mdomoni, akasahau kuipuliza. Nilipiga kelele "Simama!" sauti ikanikauka, naye akasimama. Nimeishi naye miaka kumi na moja na sijawahi kumwona akiwa mbali na kitu chochote cha kushika. Nililia, shemeji, na mtaa hauna siri, kwa hiyo bora uisikie kwangu.

Yuko hapa, anataka kuongea.

Pacha, ni mimi. Hakuna mkono, hakuna kamba, hakuna ukuta. Upepo ulikuwa unanijia usoni kote, si upande mmoja. Nilikuwa nikingoja kugonga kitu, na hakuna kilichokuja, na hakuna kilichokuja tena. Najua magari yatarudi na hii haitadumu. Ndiyo maana nakuita sasa. Kile kizuizi cha mbele ni cha mtaa wenu. Cha magari, waenda kwa miguu wanapita. Mwoka mikate akipiga kelele nyuma, mimi naisikia sauti yake inafifia, na mbele yangu hakuna sauti. Nataka yako.

Shemeji yako, na Pacha wako


16 Mei

Pacha,

Hujambo? Mimi sijambo, na leo sina mengi. Cherehani imezimwa, barakoa zitangoja, tangu jana nipo chini ya kitanda natafuta kiatu cha pili.

Shemeji, asante. Bado nina wivu, maana siku ile uliiona wewe mimi sikuiona. Lakini nikiwa mimi, kamba nisingeiachia. Nisingethubutu. Nakuvulia kofia.

Jumapili alfajiri nipo. Nitapita kizuizi niwe mbele yako, mita mbili zao na nyingine juu yake. Sitakuelekeza kitu, barabara imenyooka. Nitakuita tu. Ukinikaribia nitageuka nikimbie, niite tena, na wewe unifuate. Mwezi na nusu sijakimbia, kwa hiyo usinionee huruma, wewe njoo kwa nguvu zako zote. Ukinishika tutakuwa tumevunja sheria. Nitajitahidi usinishike.

Pacha wako wa mbele