Fimbo Isitoke Nyumbani

Mwanangu Apolinaria,

Uji wa Flavia nimeufunika jikoni. Ameze kwanza kidonge chake cha kukuza mwili, ndipo anywe.

Fimbo yangu ya kutembelea nimeilaza hapa mezani. Isitoke nyumbani. Unakumbuka juzi nilivyompima nayo, akaipita ile alama niliyochonga mwaka jana, tukashangilia wote? Leo asubuhi nikajiuliza, mbona siku hizi naishika huku nimeinama? Nikaigeuza. Ncha imelika kwa njia za Puge na Choma! Kumbe mtoto hajaongezeka, fimbo ndiyo imepungua.

~~Usimwambie Flavia.~~ Anajua, alikuwa amesimama hapo hapo. Kanicheka: "Babu, tulia nyumbani basi, unanikuza kwa uongo!"

Kesho hospitalini Tabora, daktari akiuliza, mwambie kweli hajakua, ili aangalie upya kiasi cha dawa. Aibu ni yangu, si yako.

Alama mpya nimeichonga usawa wa utosi wake. Mimi naenda Bukene mikono mitupu. Miguu ikigoma nitadandia lori la pamba. Fimbo sitaishika tena mpaka Flavia aipite alama kwa kukua kweli.

Baba yako asiyetulia