Mgongo wa Bibi

Buyenzi, Bujumbura
20 Februari 2025

Mpendwa dada Khadidja,

Asalaam alaykum. Hujambo wewe, hajambo shemeji Chabani, na baridi ya Liège imewaachia kidogo? Huku tu wazima, ila mama. Barua hii nimeianza mara tatu na mara tatu nimeinuka kuzunguka uani. Kutulia kumenishinda.

Mama amevunjika kifundo cha mkono. Hakuanguka. Aliinuka kutoka sijda, akauegemea mkono, mfupa ukalia ko! Amenikataza nisikuambie, nami nimemkubalia kwa mdomo tu.

Tulimpeleka kliniki Mutanga Sud. Daktari Léonce akauliza kama katika ukoo yuko mwingine aliyevunjika ovyo au kupinda mgongo. Mama akajibu kwa fahari: "Mama yangu alipinda, lakini apana ugonjwa. Ni sijda ndizo zilimupinda mugongo."

Si ndivyo tulivyolelewa, dada? Mtaa mzima ulimheshimu bibi kwa mgongo ule.

"Mama, sijda hazipindishe mutu," daktari akasema taratibu. Ni pingili za uti wa mgongo zilizokuwa zikivunjika kidogo kidogo, maana mifupa ilikuwa myepesi. Na wepesi huo hurithiwa. Hakuna jeni moja ya kulaumiwa. Ziko nyingi, kila moja inachangia kidogo, za mama na za baba pia. Si lazima tuvunjike, alisema, ila hatari iko karibu nasi zaidi, hasa hedhi ikishakatika. Yangu ilikatika mwaka jana. Yako je?

Nina hasira. Bibi alikuwa akiumwa, na sisi tukambusu mkono tupate baraka.

Halafu nikaukumbuka mkono wako, ule uliouvunja kwa kujikwaa tu kwenye zulia, ukatuchekesha kwenye simu. Sasa sicheki. Huko mashine ya kupima mifupa ipo, nenda ukapimwe. Usiwaambie bibi alikuwa mcha Mungu, waambie alipinda.

Jana nilisimama kwenye mwimo wa mlango, pale baba alipotuchorea alama zetu za urefu wiki ya harusi yako. Nimeshuka vidole viwili chini ya yangu. Mama sijamwambia, naye ana siri yake, nami ninayo yangu.

Nisalimie shemeji, na binti yetu Sijaona, umsimamie anywe maziwa. Mola awaepushe na kila la kuwavunja.

Alama yako bado iko pale, juu ya yangu. Ukija Idi nataka uifikie.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ninapokusumbua,
Asiya