Mafuta Aliyoyachagua Shemeji

Kumasi, Jumatano

Mpenzi Boadi,

Sisi wazima. Mvua imezidi, mihogo ya Mama yako imeoza shambani, na Serwaa wetu kang'oka jino la mbele.

Gari ulilonitumia lipo. Wajua mkanda wa injini yake unaogelea ndani ya oili, na kitabu chake kinataka oili maalumu isiyotafuna mpira. Nilimwambia ndugu yako Opoku, akacheka. "Shemeji, oili ni oili! Wewe kaanga ndizi zako, magari niachie mimi." Akamimina ya dumu lisilo na jina.

Jana taa ya oili iliwaka. Fundi alipofungua injini kwa chini, alitoa vipande vya mpira mweusi. "Dada, mkanda unamumunyuka. Ukikatika barabarani, injini kwisha. Na breki usizitegemee, vipande hivi huziba pampu yake."

Nikasema moyoni, labda Opoku hakujua. Kisha nikakumbuka Jumapili: nilipomfungulia Mama mlango wa gari twende kanisani, Opoku alimvuta mkono. "Mama, wewe panda langu." Mimi na Serwaa akatupungia.

Boadi, ni wewe uliyeniandikia nisimbishie Opoku kuhusu gari. Oili ile aliichagua peke yake?

Mkeo, anayetembea kwa miguu tangu jana,
Afriyie