Kabati la Mbavu Mbili za Kushoto

3 Machi

Mwanangu,
Hujambo? Mimi mgongo bado unanitesa, na shangazi yako ananichunga hapa kwake utadhani nimeiba. Hata randa siruhusiwi kushika. Sasa karakana ni yako, na kabati la yule nesi ndiyo kazi yako ya kwanza. Maelezo marefu ya nini? Fumba macho, litazame likiwa limesimama, lizungushe, kisha kata.
Baba yako

11 Machi

Baba, shikamoo.
Pole na mgongo. Mimi mzima, ila mbao si nzima. Nimekata mbavu zote mbili za kabati, na zote ni za kushoto! Nikiusimamisha huu wa kulia, mifereji ya kuingizia rafu inatazama nje, ukutani. Nesi amekuja, akacheka, halafu akanuna. Tafadhali niandikie kwa maneno, nini kinakatwa kwanza na kinageukia wapi. Nikifumba macho naona giza tu.
Binti yako

19 Machi

Mwanangu,
Salamu baadaye. Mbao nzuri vile! Giza gani? Kila mtu akifumba macho anaona. Mama yako, Mungu amrehemu, mimi namwona hata sasa nikiandika. Wewe humwoni? Acha uvivu bwana. Kama huwezi, mpe fundi jirani funguo, amalizie yeye, na karakana aiendeshe yeye.
Baba

27 Machi

Baba, shikamoo.
Umeniumiza. Simwoni Mama. Sijamwona tangu tumzike. Najua alikuwa na mwanya, najua alifunika mdomo akicheka, najua yote, lakini sura haiji. Miaka yote ukisema "fumba macho uone," nilidhani ni msemo tu wa mafundi! Si uvivu, wala sijamsahau. Maneno yake ninayo, ndiyo ninayomkumbukia. Na funguo sitoi kwa mtu. Niandikie hilo kabati.
Binti yako

30 Aprili

Binti yangu,
Natumai u mzima. Usidhani nilinuna. Haya, nilinuna. Halafu nikajaribu kuliandika hilo kabati. Nikaandika, nikachana, nikaandika tena, nikachana, mpaka shangazi yako akauliza kama naandika wosia. Kabati naliona mpaka bawaba, lakini nikitafuta maneno, wapi! Nina hasira hapa, na sijui hata nimkasirikie nani. Basi wewe niulize, nami nitajibu kidogo kidogo. Fundi jirani mwache na mambo yake.

Na mimi nina swali. Siku ile ya mwisho, wodini, namwona mama yako ameninyooshea kidole, midomo inacheza. Ananiambia kitu, na sikumbuki hata neno moja. Inaniuma sana. Wewe ulikuwa umekaa miguuni pake. Alisema nini?
Baba

7 Mei

Baba, shikamoo.
Pole sana, sikujua kama hukumbuki. Nilidhani umepuuza tu, na nimekukasirikia kwa hilo muda mrefu.

Alisema hivi: "Huyu mtoto anautaka ufundi wako. Usimfundishe kwa kelele, mzee. Mweleze."

Haya, Baba, nieleze. Ubavu wa kulia nikiulaza mezani mifereji ikitazama juu, ukingo wa mbele, penye mlango, uwe upande gani?
Binti yako