Pakiti Sita za Mbegu za Bangi

Guangzhou, Jumanne, Oktoba 2008

Swali langu la siku nyingi: je, kuuzwa hadharani kwa kitu kunathibitisha uhalali wake?

Mama Upendo, mfanyabiashara wa Mwanza ninayemtafsiria, amefunga choo tangu afike. Leo, kwenye duka la chai za mitishamba hapa mtaa wa Dengfeng, alipewa kikombe cha kinywaji cheupe kama tui. Nilimweleza kuwa ni mbegu za bangi zilizosagwa, za kulainisha choo. Hapa mbegu ni dawa, majani ni jela.

"Mwanangu, tumbo langu halijui sheria." Akanunua pakiti sita za kwenda nazo nyumbani. "Forodha watazikubali?"

"Nadhani," nikajibu.

Sheria ya kwetu sijaisoma. Anasafiri kesho, na bado sijampigia kukiri kwamba sijui, kwa kuwa huniita msomi.