Matanga Yangu Mwenyewe, Kasansa

Kasansa, Jumamosi, mwezi wa kumi, 1977

Jua limekuwa kali tangu saa mbili asubuhi, moshi wa mashamba yanayochomwa umetanda kila upande, na mimi nimechoka kuguswa.

Tangu juzi watu wanakuja kunishika. Wengine husalimia kwanza, wengine hutazama miguu moja kwa moja kuhakikisha kwamba inakanyaga chini. Leo mama mmoja amenibinya shavu, akaniomba radhi, halafu akabinya na la pili. Uvumilivu wangu umebaki kidogo sana.

Nilikufa Jumapili.

Wacha nieleze taratibu, maana nikieleza kwa hasira nitaruka mambo. Mimi ni mwimbaji, na kwa miaka sita sasa naigiza pia katika mchezo wa redio unaosikika Jumapili mchana. Mwezi uliopita tulirekodi sehemu ambayo mhusika wangu anaumwa na nyoka na kufa. Nilikufa vizuri, najisifu. Nilikata roho polepole mpaka fundi mitambo akaacha mashine zake akanitazama. Mtayarishaji naye, kwa kupenda mambo yafanane na kweli, akamwita mtangazaji yule yule anayesoma matangazo ya vifo, akasoma kwamba Bi Siwema amefariki dunia, mazishi yamekwisha kufanyika, habari ziwafikie ndugu na jamaa popote walipo.

Siwema ndilo jina langu la jukwaani. Na hapo ndipo kosa langu lilipo. Nitaliandika humu kwa sababu hakuna anayesoma. Mtayarishaji alitaka mhusika yule aitwe jina jingine kabisa. Mimi ndiye niliyekataa. Bendi imejaa wasichana wa miaka ishirini, barua za wapenzi wa muziki siku hizi zinakwenda kwao, nikaona basi angalau jina langu litajwe redioni kila Jumapili. Nililipigania jina lile mpaka nikapewa.

Huku nyumbani baba mdogo Kasiano ana redio, na betri zake zimechoka, kwa hiyo huzianika juani zipate nguvu kidogo. Jumapili iliyopita alikuwa anatafuta mpira. Redio ikawaka nikiwa nakata roho, ikasoma tangazo, ikazima.

Ingewaka dakika tano baadaye, jamani!

Hakuna aliyejua kwamba ni mchezo, kwa sababu kwetu mchezo huo hausikilizwi. Mama hataki. Ikisikika sauti yangu, baba mdogo huambiwa azime. Lakini sauti yenyewe wanaijua, na jina wanalijua. Wakaangua kilio. Siku hizo zote wananililia, mimi nilikuwa kwenye treni naja likizo, nanunua mayai ya kuchemsha dirishani pale Kaliua.

Nimwandike mama kidogo, maana safari hii yote ilikuwa ya kwake.

Sauti hii nimeitoa kwake. Yeye ndiye aliyeshika kwaya ya kanisani miaka yote, na mimi nilisimama ubavuni kwake tangu sijaota meno ya pili. Nilipofika miaka kumi na saba nikatorokea Mpanda, kwenye bendi iliyokuwa inawapigia wafanyakazi wa mgodini. Mgodi ulipofungwa tukapanda treni kwenda Tabora na magitaa yetu, na kutoka Tabora nikafika Dar es Salaam. Nimetoa santuri, nimepanda majukwaa ambayo siwezi kuyahesabu, nimecheza hata picha moja ya sinema. Miaka ishirini na moja. Watu nisiowajua hunisimamisha njiani wakaniimbia nyimbo zangu wenyewe.

Mama hajawahi kusema neno. Siyo zuri, siyo baya. Nikija na zawadi hupokea, akauliza habari za afya, akaniita Yustina kama nilivyobatizwa, basi. Hata gari la sinema lilipokuja hapa miaka mitatu iliyopita na ile picha yangu, likatundika shuka uwanjani, kijiji kizima kikaenda, yeye alibaki nyumbani na jino linamuuma. Safari hii nilikuja nimeapa: nitamuuliza. Nataka neno moja tu kutoka kwake, hata kama ni tusi.

Sasa Alhamisi. Lori limenishusha barabarani, nimepita nyuma ya nyumba na sanduku langu, na nasikia vicheko uani. Nikachungulia kando ya jiko. Watu wamejaa, mama amekaa kwenye mkeka amefunga kaniki, na katikati ya uwanja yuko mzee Maganga, Mnyamwezi, mtani wetu, ndani ya gauni langu.

Huo ndio utaratibu wetu. Kwenye msiba mtani ana ruhusa ya kuvaa nguo za marehemu na kumwigiza alivyotembea na alivyosema, mpaka wafiwa wacheke huku machozi yanawatoka. Kwa hiyo Maganga alikuwa amefungua sanduku nililoliacha hapa, akavaa gauni jekundu la kumetameta nililoshonesha enzi za Mpanda, akashika mchi kama kipaza sauti, na alikuwa anaimba wimbo wangu uliopendwa kuliko yote. Anakata kiuno. Mzee wa miaka sitini.

Nilipandwa na hasira. Siyo kwa sababu ya kufa, hapo nilikuwa bado sijaelewa msiba ni wa nani. Ni kwa sababu alikuwa anapandisha sauti mahali pa kushusha.

Mama akamkatiza.

"Siyo hivyo, Maganga. Hapo inashuka. Inashuka, halafu anaivuta."

Akaimba. Aliimba akiwa amekaa, macho chini, beti zote, hata ule wa mwisho ambao bendi yenyewe huuruka siku hizi. Hakukosea popote.

Sanduku likaniponyoka. Wote wakageuka. Sijawahi kuona uwanja unakwisha watu haraka vile. Maganga alitimka na gauni langu, nikalisikia linachanika ubavuni. Mama peke yake ndiye hakukimbia. Alikuja polepole, akaniwekea mkono kwenye paji la uso kama anapima homa, akasema, "Umekonda." Halafu akakaa chini pale pale vumbini akalia, na mimi nikakaa nikalia naye.

Ungedhani mambo yangekuwa mazuri baada ya hapo. Wapi! Ijumaa nikamuuliza ule wimbo aliujulia wapi. Akaniuliza wimbo gani. Nikamwambia ule uliomfundisha Maganga. Akasema mtu mwenye uchungu anasema mengi, na mchele unahitaji kupepetwa.

Maganga naye hataki kurudisha gauni mpaka apewe jogoo. Anasema kitu kilichochukuliwa na mtani msibani hakidaiwi, na tena hakidaiwi na marehemu. Baba mdogo analaumu betri. Katekista ananiuliza misa ambayo nimekwisha kusomewa aifanyeje. Nitajuaje?

Leo asubuhi tulikuwa tunapepeta, mama na mimi, namweleza kwa mara ya tano jinsi mchezo wa redio unavyorekodiwa, akalipuka ghafla.

"Na ile picha yako! Mgeni kaja mlangoni, wewe unampa maji kwa mkono wa kushoto. Nyie wa mjini ndivyo mnavyofanya? Nilikufundisha hivyo mimi?"

Nikalipuka na mimi. Nilimpa kwa mkono wa kulia! Nakumbuka vizuri, tulirudia kipande kile tangu asubuhi mpaka jioni, mkono ukafa ganzi. Akasema kushoto. Nikasema kulia. Akasema ana macho yake, kushoto.

Hapo nikauweka ungo chini.

Picha iliyotupwa kwenye shuka, ukiitazama kutoka nyuma, mkono wa kulia unakuwa wa kushoto. Hakuwa na jino lolote linalouma. Alikwenda. Watu wote walikaa mbele, na yeye akasimama upande wa pili wa shuka, peke yake kwenye majani, mtu yeyote asimwone anamtazama binti yake.

Miaka mitatu amelibeba lile kosa la mkono. Nimlinganishe na nini, mama huyu? Nilitaka kumpigia kelele. Nilitaka kumkumbatia pia. Nikasema, "Samahani mama, nilikosea."

"Usirudie," akasema. "Na mwambie huyo bwana wa redio asikuue tena."

Basi ndilo neno langu hilo. Nimelipata.

Kesho atanipeleka kanisani, watu wanione kwamba ni mzima. Ataniweka ubavuni kwake kama zamani. Wimbo ukianza nataka nifunge mdomo nimsikilize yeye, mwanzo mpaka mwisho. Miaka ishirini na moja nimefanya kila kazi ya sauti, lakini ya kunyamaza sijawahi kuijaribu. Nitaiweza?